Ndoo ya Dengu

Nikikaanga jira kwenye samli, mawazo yananirudisha Shituru, mtaa wa utoto wangu, uani kwa fundi wa malori, Singasinga mwenye kilemba, siku alipolisha mtaa mzima kwa sikukuu ya dini yake. Baba, aliyewafukuza kwa mkanda wachimbaji walioomba maji mlangoni kwetu, alidai kiti.

"Papa, kiti haiko," fundi akasema. "Mungu iko mu kila muntu. Bote banaikala chini."

Baba akakaa mkekani, bega kwa bega na mchimbaji aliyenyimwa maji asubuhi ile. Wakala. Kisha baba akainuka. Nilidhani ameudhika, kumbe alifuata ndoo ya dengu za jira za kugawia watu. Akamwinamia yule mchimbaji.

"Ndugu, nikuongezeye?"

Mama, aliyemwogopa baba kuliko sisi sote, alipiga kigelegele mpaka mji wa jirani, Kambove, wakasikia.