Kidari cha Mgeni

Karamu zetu za Desemba huwa zinanijia nikiwa nusu usingizini. Naona ua umejaa ukungu wa asubuhi, kuni mbichi zinafuka, watu wanaongea wote kwa pamoja. Maneno yao siyasikii tena, nasikia sauti tu, na harufu ya supu ya mbuzi inanifikia kabla ya kitu kingine chochote.

Nilikuwa na kiwanda cha kushona sare za shule pale Kiboriloni, nyuma ya soko. Nasema kiwanda kwa sababu cheti kilisema hivyo; vilikuwa vyumba viwili, vyerehani kumi na kimoja na pasi mbili za mkaa. Mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, mafundi wengi wakafunga milango. Sisi tulipona kwa kuwa hakuna mzazi aliyeweza kuchambua robota akatoka na sare ya shule ya Kibosho.

Kila mwisho wa mwaka, mzigo wa mwisho ukishapanda gari kwenda mlimani, nilichinja mbuzi kwa ajili ya wafanyakazi. Nilimfuata mwenyewe mnadani Sanya Juu, maana sijawahi kumwamini mwanamume kuchagua mbuzi. Nyama ya sherehe kwetu haigawiwi ovyo. Kila mtu ana fungu lake, na ukikosea utasemwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo niliandika orodha: mkata vitambaa paja, wapiga pasi mbavu, mama wa vifungo shingo kwa sababu alikuwa na meno ya kuiweza. Kidari, fungu la heshima, kilikwenda kwa mzee.

Mzee alikuwa ameshona miaka mingi katika duka la familia moja ya Kihindi mjini. Duka lilipofungwa alikuja kwangu na cherehani chake mwenyewe, na ndiye aliyenifundisha kukata kola ikakaa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Nilimlipa kwa kila nguo aliyoimaliza, lakini katika daftari la mishahara sikuwahi kumwandika. Kumwandika kulikuwa na makato ya kupeleka serikalini kila mwezi. Nilijiambia kwamba mtu wa heshima namna ile haandikwi pamoja na wapiga pasi. Kwa kujidanganya nilikuwa bingwa.

Masika yalipoanza, akaja mtu wa kodi kukagua hesabu za mwaka uliopita. Kijana mpole, viatu safi, sijui alipitaje kwenye tope lile. Alipofika kwenye risiti ya mbuzi akanieleza taratibu, kama mwalimu. Karamu ya wafanyakazi angeweza kuikubali kuwa gharama ya biashara. Walichokula wageni na ndugu, hapana.

"Hicho ni chakula chako mwenyewe, mama," alisema, "hata kama amekila mwingine."

Nilicheka moyoni. Nikamtolea orodha yangu ya mafungu, nimeibana na risiti kwa pini. "Kila fungu na mlaji wake," nikamwambia kwa maringo. Aliisifu. Alisema hajaona mwenye biashara aliyejipanga namna hiyo. Kisha akaiweka kando ya daftari la mishahara, akashuka nayo kwa penseli, mstari kwa mstari.

"Mafungu ni kumi na moja, wafanyakazi kumi. Huyu wa kidari ni nani?"

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, ile mvua ya kubembeleza inayofanya kila kitu kionekane kiko mbali. Mzee alikuwa hatua nne kutoka mezani, ametupa mgongo, anashona marinda ya sketi. Nilijua vizuri sana kilichokuwa mbele yangu. Nikisema ni fundi wangu, kijana atafukua miaka yote ya nyuma, na kwa makato yale na faini yake nitafunga kiwanda. Nikisema si fundi wangu, napoteza bei ya kipande cha nyama.

"Ni mgeni," nikasema. "Mzee wa jirani. Alikuwa anapita, tukamkaribisha."

Cherehani cha mzee kikanyamaza. Kilinyamaza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kubadilisha uzi, halafu kikaendelea. Kijana alichora mstari juu ya kidari, akaitoa bei yake, akakubali iliyobaki. Hakuuliza ni nani anayeshona pale. Labda hakuona, labda alinihurumia.

Alipoondoka nilimpelekea mzee chai.

"Mzee, yale niliyosema yalikuwa ya kodi tu."

"Nimeelewa, mama," alijibu bila kugeuka. "Kodi ni kodi."

Ningeweza kufungua daftari saa ileile nikamwandika. Niliona aibu, na bado sikumwandika. Nilingoja mvua ziishe, nikangoja kahawa ichumwe, miezi ikapita mmoja baada ya mwingine kama ndotoni. Yeye alikuja kazini kila siku, akashona vizuri kama kawaida, mpaka Desemba ikafika tena.

Siku ya karamu mzee alishona hadi mchana, akaaga kwamba anarudi nyumbani. Tulidhani amechoka. Nyama ilikuwa imeshaiva na tumekaa kwenye mikeka tuliposikia mtu mlangoni.

"Hodi!"

Alikuwa yeye. Ameoga, amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana chane mbili za ndizi mbivu. Wenzake waliangua kicheko.

"Pita, mzee, acha utani!"

Hakupita. Alibaki nje ya kizingiti, anasubiri, ananitazama mimi. Nikainuka, nikaenda mpaka pale.

"Mzee, tangu lini wewe ukapiga hodi hapa?"

Alinikabidhi zile ndizi kwa mikono miwili. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo sijaweza kulisahau.

"Miaka yote hii nilikuwa naingia tu, mama," alisema. "Unisamehe. Sikujua."