Mama wa mgahawa Tukuyu alivyoninyoosha kwenye muda wa animation

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe wiki hii, sina sababu ya kuyapamba.

Ijumaa niliamka Mbeya nikaona mji umenichosha. Nikatia laptop na suruali mbili kwenye begi, nikatoka. Kwenda wapi, sikujua. Gari la kwanza kuondoka lilikuwa la Tukuyu, basi nikawa mtu wa Tukuyu.

(Shule niliacha kidato cha pili. Kutengeneza kurasa za mtandao nimejifunza mwenyewe, hivyo mafundi mnivumilie.)

Nikashuka na mvua. Nikakimbilia mgahawa mmoja mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, wa mama ambaye babu yake alihamia huku kutoka Tanga kufanya biashara. Nyuma ana vyumba vya wageni.

Nikamwamkia, nikamwambia ukweli: sina pa kulala, ila naweza kumtengenezea ukurasa wa mgahawa.

Akaangalia viatu vyangu. "Ukurasa ukinipendeza kabla watu hawajatoka msikitini, chumba cha nyuma ni chako mwezi mzima. Usiponipendeza, mvua umeiona."

Akanipa picha nne za simu yake: maharage, ndizi, wali, mchicha. Nikataka ziwe animation, yaani picha za kutembea: zitokee pembeni ya ukurasa kwa zamu, zitue juu ya picha ya meza. Kila moja nikaipa sekunde moja ya kutembea, na kila moja ikachelewa nusu sekunde nyuma ya mwenzake.

Mama akatazama. "Maharage yamefika, mchicha bado uko njiani, Uyole? Mgeni wangu anakula nusu nusu?"

Nikafuta ule ucheleweshaji. Zote zikaondoka pamoja, zikafika pamoja.

"Hizo sasa zinagombea siti, mwanangu."

Akarudi jikoni. Nikamfuata, maana nilikwama na muda ulikuwa unakwisha.

Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri. Ndizi zilifuata, halafu wali. Mchicha ulikuwa umekatwa, umekaa kwenye ungo, hajaugusa.

"Mama, huo mbona bado?"

"Niupike sasa umngoje nani? Watu wanatoka saa saba na robo. Mimi naanzia hapo, narudi nyuma. Kila chungu kinapata muda wake uliobaki."

Wakuu, nilirudi kwenye laptop mbio.

Mwisho nikauweka sekunde ya pili. Maharage yakaanza mara moja, yakatembea taratibu sekunde mbili nzima. Ndizi zikachelewa nusu, zikatembea moja na nusu. Wali ukachelewa moja, ukatembea moja. Mchicha ukatoka mwisho na kukimbia nusu sekunde tu. Ukijumlisha muda wa kuchelewa (delay) na wa kutembea (duration) wa kila kimoja, jibu ni mbili.

Zikatoka kwa zamu, zikatua kwa pamoja.

Watu walikuwa wanaingia wakikung'uta kofia zao, na vyungu vyote vinne viko tayari. Yule mama sikumwona akitazama saa hata mara moja.

Akachungulia kioo cha laptop mara mbili, akachomoa ufunguo kwenye msumari. "Kinavuja kona ya dirisha. Kitanda sogeza mwenyewe."

Nimepitia mafunzo mengi ya animation, na aliyenielewesha ni mtu asiyelijua hata neno lenyewe. Amua kwanza vitu vifike saa ngapi, ndipo upange viondoke lini.

Kitanda nimesogeza, naandika nikiwa juu yake. Wenye njia bora zaidi nikosoeni, na wewe uliyewahi kufundishwa kazi yako na mtu wa kazi nyingine kabisa, tusimulie hapa chini.