Bushi ya Kaskazini

Mara ya kwanza kwenda kwa Rabevohitra nilikwenda na bei yangu mfukoni na nusu yake mdomoni, kama ninavyokwenda kwa fundi yeyote. Nilimkuta uani, nyuma ya nyumba yake ya matofali hapa Antsirabe, amekaa juu ya debe akinoa kisu cha kukerezea chuma. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Julai, baridi ya kuuma masikio.

"Kinu changu cha kukobolea mpunga kimekufa bushi," nikamwambia, nikimaanisha pete ya shaba ambamo mhimili huzunguka. "Naitaka mpya kesho."

"Kila mtu anaitaka kesho. Upande gani?"

"Kaskazini. Imelika mpaka imepasuka vipande."

Akaenda kuchukua daftari lililolowa grisi. Kinu kile nilikinunua kwa mtu, na kumbe Rabevohitra ndiye aliyekuwa akikitengeneza enzi za huyo mtu. Akalamba kidole, akafunua, akasoma: tundu la kaskazini, milimita arobaini na mbili, la kusini, thelathini na nane.

"Ariari elfu sitini," akasema.

"Thelathini. Hii ni pete tu, mzee."

"Basi ivae."

Mkewe Noro, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Tukakutana kwenye arobaini na tano.

Sikuwa na nafasi ya kukaza zaidi. Ghalani mwangu mlikuwa na magunia kumi na mawili ya mpunga wa ukoo wa Razanakoto, wa kulisha wageni siku ya kuwavisha marehemu wao sanda mpya. Siku ilikwisha kutajwa na mnajimu, na siku ya mnajimu haisogezwi. Razanakoto mwenyewe aliniambia kwa upole, jambo lililonitisha kuliko ukali: "Alhamisi asubuhi tukiukuta bado ni mpunga, Bi Lalao, tutautelemsha kinu cha bondeni. Wala hatutakukasirikia." Ukoo ule ukitelemka, kijiji kizima kinaufuata, na hakirudi.

Nilibaki nitazame kazi, ili niwe na hakika kwamba shaba niliyoonyeshwa ndiyo itakayokatwa. Alikuwa na bonge moja tu la shaba ngumu, kubwa kama ngumi mbili, lililotoka kwenye pampu ya zamani. Mjini hapakuwa na jingine.

Mashine yake ya kukereza aliiunda mwenyewe juu ya kipande cha reli. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Noro alijifuta mikono, akapanda baiskeli isiyo na magurudumu iliyofungwa mkanda, akaanza kukanyaga.

"Pole pole, Noro."

"Nikipunguza tena nitasinzia, utakuja kuniokota."

Bonge likazunguka. Rabevohitra akasogeza kisu, na shaba ikaanza kutoka kwa utepe mwembamba unaojikunja, ukianguka juu ya kitambaa alichotandika chini. Mara kwa mara alichomeka karatasi ya sigara kati ya kisu na shaba, akaivuta, akaitazama, akasogeza tena kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona. Napima mchele tangu nikiwa msichana, naujua mkono unaodanganya. Ule haukudanganya hata kwa unene wa karatasi. Nikajikuta nimesahau shaba niliyokuja kuilinda.

Jumanne akaja nayo mwenyewe kuifunga. Akaivisha kwenye mhimili wa kinu. Ikacheza kama kijiko ndani ya kikombe.

Akaigusa mara mbili, akatoka nje, akatazama jua, akarudi.

"Bi Lalao, mlango wa mwenye kinu wa zamani ulitazama wapi?"

"Magharibi, kama nyumba zote."

"Na huu wako?"

Hapo nikaelewa. Ghala langu lilijengwa kufuata barabara, mlango mashariki, na wapagazi walipoleta kinu walikiweka kikitazama mlangoni. Ncha iliyokuwa kaskazini kule, kwangu iko kusini. Sisi tukisema kitu kiko upande gani, hata kijiko mezani, tunasema kwa kaskazini na kusini, na hakuna aliyefikiri kwamba mashine ikigeuzwa majina yake hayageuki nayo.

"Daftari lako limekosea," nikasema, nikiwahi.

"Daftari halikukosea. Nyumba yako ndiyo imegeuka."

"Ulipaswa kuja kupima."

"Na wewe ulipaswa kusema umehamisha kinu, si kuniimbia kaskazini, kaskazini."

Shaba yenyewe ilikwisha kutobolewa, tundu halizibiki. Akakaa juu ya gunia la Razanakoto, akafikiri.

"Utepe wote ninao kwenye kitambaa," akasema. "Nitauyeyusha pamoja na hii. Lakini moto nao unakula fungu lake. Nahitaji nusu kilo ya shaba juu yake."

Macho yake yalikuwa kwenye mizani yangu.

Lile jiwe la mizani la nusu kilo, la shaba tupu, nilianza nalo biashara sokoni. Nikampa. Ila kabla ya kuliachia nilitaka tumalize maneno, naye alikuwa tayari: zile elfu arobaini na tano zisitajwe tena, makaa na siku yake juu yake, jiwe juu yangu, na kila Jumamosi Noro achukue gunia la pumba kwa nguruwe wao kwa muda wote bushi itakapokuwa hai. Bushi katika kinu changu haikuwahi kumaliza miezi tisa kabla ya kuanza kulia kwa kuchakaa. Nikakubali upesi.

Jumatano alfajiri tayari alikuwa amepima mhimili kwa mkono wake, na daftarini ameandika "upande wa kapi", yaani wa gurudumu la mkanda, badala ya kaskazini. Uani, kalibu ya udongo ya kumiminia shaba ilisubiri. Noro alivukuta, chungu kikawa chekundu, kisha cheupe, na juu yake ukasimama mwali wa kijani. Rabevohitra alikuwa miguu mitupu. Akaondoa taka zilizoelea juu ya shaba kwa fimbo, akanyanyua chungu kwa koleo, akamimina mkondo mwembamba kama uzi wa asali, haukukatika wala kutetereka hadi kalibu ilipojaa. Jiwe langu lilikuwa mle ndani, na sikulikumbuka hata kidogo.

Mchana akakereza. Jioni bushi iliingia kwenye mhimili kwa kusukumwa na kidole gumba, ikakaa kimya. Tulikoboa hadi gunia la mwisho.

Alhamisi Razanakoto alitia punje mdomoni, akaivunja kwa jino, akaita watu wake wapakie. Kijiji chake bado ni changu.

Huu ni mwaka wa sita. Bei ya pumba imepanda maradufu, na nguruwe wa Rabevohitra wamejaa mpaka wamejengewa banda la pili. Mwaka jana nilimpa Noro fedha taslimu tuvunje mapatano. Akazihesabu, akanirudishia.

"Subiri bushi ilie, dada."

Kila Jumamosi, kabla hajafika, naweka sikio kwenye kinu. Haijalia.