Nenosiri Kwangu, Namba Kwake

Mume wangu ni fundi wa mafriji kwenye hoteli za Diani, na ugonjwa wake ni kupiga picha. Simu yake ya zamani ilipotumbukia majini kule Gazi, picha zote zikazama nayo. Akaapa kwamba za sasa ataziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Akaja kwangu Msambweni, akaketi barazani kufungua akaunti. Hifadhi ilitaka vitu viwili: nenosiri, na simu itakayotumiwa namba za kuthibitisha kila mtu anapoingia kwa chombo kigeni. Mtu mwingine angevishika vyote mwenyewe. Huyu wangu ana wake wawili na anaiogopa Akhera. Akininunulia kanga, doti ile ile inakwenda Ukunda kwa mke mwenzangu. Akinunua samaki mkubwa, anampasua katikati, na kichwa tunakila kwa zamu.

"Nenosiri tunga wewe, bi mkubwa," akaniambia. "Namba zitaingia kwenye simu ya mwenzio. Nisije nikaulizwa mbele ya Mola."

"Kwa nini simu yake, isiwe yangu?"

"Basi yeye ndiye atunge nenosiri?"

Nikatunga nenosiri gumu, lenye herufi kubwa na alama ya mshangao, nikaona nimeshinda. Kumbe nimepunjwa! Nenosiri ukishalitunga linakaa kichwani kimya, halikuiti. Lakini kila mume wangu alipofungua picha kwenye kompyuta ya hotelini, simu iliyolia ilikuwa ya kule Ukunda. Naye humpigia mwenzangu kumwuliza namba, na mimi najua maongezi ya watu wale hayaishii kwenye namba. Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Uongo. Mimi nilinenepa.

Kisha mama yangu akafariki. Matanga yalipokwisha na wageni wakatawanyika, nikagundua kwamba nimeanza kumsahau. Pengo la meno yake lilikuwa upande gani? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Nilitaka kumwona akicheka, basi. Mume wangu alikuwa Lunga Lunga akitengeneza friji za duka la samaki, na simu yake haipatikani. Nikashika simu yangu, nikaingiza nenosiri langu. Hifadhi ikadai namba.

Nilikaa na ile simu mapajani mpaka chai ikapoa. Mimi na mwenzangu tulikuwa watu wa kusalimiana harusini na msibani, si zaidi. Mwisho nikapiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna namba zimeingia kwenye simu yako. Nisomee."

Hakuuliza za nini. Akanisomea polepole, moja moja, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Halafu akasema, "Ile ya mama iko karibu na mwisho, dada. Utaiona."

Sikuwa nimemwambia natafuta nini. Nikamshukuru kwa mdomo tu, nikakata.

Picha za mama alizopigwa nyumbani kwangu zilikuwa nyingi. Katika zote ameketi wima, midomo ameifumba, kama anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho. Nikazipitisha moja baada ya moja hadi nikaifikia ya karibu na mwisho. Mkeka si wangu, ukuta si wangu. Mama ameinua kichwa, anacheka mdomo wazi, na pengo liko kushoto. Tarehe yake ilikuwa ya siku ile aliyokwenda kliniki ya macho Ukunda, akaniambia jioni kwamba ametoka hospitali moja kwa moja akapanda gari akarudi. Pembeni yake, wamebanana, ameketi mke mwenzangu, naye anacheka, mkono ameuweka begani kwa mama.

Nikalia kwa furaha, kisha nikalia kwa hasira. Kicheko kile kilikuwa haki yangu. Kwa nini mama alikificha kwangu, akaenda kukimwaga kule?

Nikaamua kuipunguza picha kwa pembeni. Uso wa mwenzangu ukatoka, na kanga yake, iliyofanana na niliyoivaa, ikatoka. Ukabaki mkono. Nikausogeza ukingo ili mkono nao utoke, bega la mama likatoka nao. Nikausogeza tena, likaenda shavu la kushoto na pengo lake.

Nikaurudisha. Mpaka leo mama ananichekea kwenye simu yangu, na mkono ulio begani kwake si wangu.