Jumatano za Bi Mize

Sisi tuliokuwa watoto Mji Mkongwe kabla televisheni haijajulikana ni mdudu gani, tulikuwa na Jumatano yetu. Wa rika langu wataelewa mara moja. Wengine nitawaeleza: Jumatano, baada ya swala ya alasiri, redio ya Unguja ilikuwa ikitoa mchezo wa Bi Mize, mjane aliyekuwa akikodisha vyumba nyumbani kwake, na vituko vya wapangaji wake. Mchezo wenyewe haukudumu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na nikihesabu vizuri haukufika hata miezi mitatu. Lakini mpaka leo, tukikutana vikongwe watatu wanne kwenye shughuli, mchele hauishi kuchambuliwa ila mmoja ataulizwa: "Hivi wewe Bi Mize ulimjulia wapi?"

Kila mtu ana yake. Zakia aliletwa mjini kutoka Makunduchi kukaa na shangazi yake. Siku ya pili akasikia kwenye dirisha la jirani mwanamke anamgombeza mpangaji kwa ajili ya ndoo ya maji. Alipita pale siku nzima akitaka kumwona huyo mwenye nyumba mkali, mpaka shangazi yake akamwambia huyo hatoki, yumo ndani ya sanduku. Fatma yeye alitumwa mafuta ya taa Darajani. Dukani kwa Mhindi redio ilikuwa wazi, akasimama kusikiliza, akarudi nyumbani na chupa tupu, akachapwa. Jumatano iliyofuata alijitolea mwenyewe kwenda kununua mafuta ambayo hayakuwa yakihitajika.

Mimi nilimjulia kwa Bi Sauda, jirani yetu wa Kiponda. Mumewe alikuwa na kazi bandarini, na redio yake ndiyo iliyokuwa redio yetu sote. Ilikaa juu ya meza ndogo ukumbini, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama biharusi. Ikifunguliwa haikusema papo hapo. Redio za wakati ule zilipashwa moto kama chungu. Kwanza kitaa kidogo cha kijani, kisha harufu ya vumbi lililopata moto, kisha mkwaruzo, ndipo ikatoa sauti. Wanawake walivua viatu mlangoni, wakatundika mabuibui, wakakaa juu ya mkeka. Bi Sauda alipika kahawa chungu, mwengine akaja na kashata, mwengine na bajia kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Mama yangu alikuwa mshonaji, hakuweza kukaa mikono mitupu. Alikuja na gauni la mtu anapinda upindo huku masikio yako redioni. Sisi watoto tulikaa karibu na ngazi, na tulikatazwa kutafuna kwa kelele.

Mchezo ulianza kila wiki kwa mlango kugongwa kwa fujo. Kisha, kutoka mbali kama mtu anayetoka jikoni, Bi Mize akajibu: "Nnakuja, nnakuja. Usiuvunje mlango, ndio nnao huo huo." Wanawake wakacheka kabla hajamaliza. Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilikuwa nzito kidogo, inavuta maneno mwishoni, na ukiisikia ulihisi kuna mtu anakujua. Wapangaji wake walimwibia sukari, walichelewesha kodi, walipigana juu ya chumba cha barazani, na yeye akawagombeza mpaka wakatubu, halafu akawapakulia wali. Mwanawe alikuwa ameondoka kwenda bara na hajulikani aliko, na kila kipindi kilipokaribia mwisho alimtaja, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Hapo mama yangu alikuwa akisitisha sindano.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikayahifadhi maneno ya Bi Mize kuliko nilivyohifadhi masomo ya skuli, nikawa nayasema njiani, jikoni, mpaka chuoni tuliposoma Kurani, mbele ya mwalimu, na bakora nikala. Mama akisema, "Mtoto huyu akili yake yote iko masikioni." Wajukuu zangu leo wanatazama michezo ishirini kwa mpigo kwenye simu, na asubuhi ukiwauliza mhusika anaitwa nani, wanatazamana. Sisi tulipata kipande kimoja, tukakitafuna siku saba.

Wiki ya tisa barua ikaja. Bi Mize hakujua kusoma. Akampelekea mpangaji wake mmoja, mwalimu, na tukasikia karatasi inapasuliwa, na mwalimu anasema, "Kaa kitako kwanza, Bi Mize." Hapo ikaingia ngoma ya kumalizia. Kiponda nzima haikulala.

Jumamosi ya wiki hiyo mama alikuwa na nguo za harusi za kupeleka Mtoni, kwenye nyumba ya Bi Nafisa, mwanamke mwenye heshima zake, mjane, aliyekuwa akimwoza binti yake wa mwisho. Akanichukua nimsaidie kubeba. Tukapanda gari la shamba, tumebanwa baina ya matenga ya kuku, mama amepakata furushi la magauni kama mtoto mchanga. Tulipofika akabisha hodi.

Ndani sauti ya kike ikajibu, kutoka mbali, kama mtu anayetoka jikoni: "Nnakuja, nnakuja."

Nikausogelea mlango. Mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana, mwembamba, ana unga mikononi. Alikuwa Bi Asya, mke wa mtoto mkubwa wa Bi Nafisa. Mumewe alikuwa Pemba kwa kazi ya karafuu, na yeye akikaa na mavyaa wake, mama wa mume. Tukampa shikamoo Bi Nafisa, akatuitikia marahaba, akatukaribisha mkekani, magauni yakafunguliwa. Bi Asya akaleta sinia la gilasi za ukwaju. Akainama kunipa yangu.

"Kunywa, mwanangu. Njia ina vumbi."

"Wewe ndiye Bi Mize?" nikamuuliza.

Akaganda. "Mize gani tena?" akasema, na sauti aliyoisemea haikuwa yake, ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Mimi nikadhani ananitania. Nikafurahi.

"Sema, 'Usiuvunje mlango, ndio nnao huo huo.'"

"Rukia," mama akasema, "hebu nyamaza."

"Mwache mtoto aseme," Bi Nafisa akasema kwa upole. "Huyo Bi Mize ndiye nani?"

Nyumba ile haikuwa na redio. Bi Nafisa hakupenda sauti za watu wasiojulikana kuingia ndani kwake, na zaidi hakupenda sauti ya mwanamke wa watu isikike na wanaume wasiomhusu. Hakuwa peke yake kwa fikra hiyo. Wengi siku zile waliona hivyo, na waliona wanalinda heshima ya nyumba. Lakini mimi nilijua nini? Nikaona kuna bibi asiyemjua Bi Mize, nikamwonea huruma, nikamweleza yote. Wapangaji, sukari, mwana aliyepotea, barua. Nikamwambia kwamba mchezo hutoka kila Jumatano, baada ya alasiri, na kwamba Kiponda wote tunampenda mkwewe.

Bi Nafisa hakupandisha sauti. Alilikunja gauni alilokuwa amelishika, akaliweka chini.

"Jumatano," akasema. Kisha akamtazama Bi Asya. "Siku ya dada yako."

Baadaye ndipo nilipofahamu. Kila Jumatano Bi Asya alikuwa akiaga kwenda Ng'ambo kumtazama dada yake mgonjwa wa miguu. Dada alikuwapo kweli, na miguu ilikuwa ikimsumbua kweli, lakini alikuwa akikaa naye nusu saa tu, kisha akijifunika buibui na kwenda kwenye chumba cha redio.  Siku ile aliokota sinia, na gilasi zikawa zinagongana mpaka alipotokomea jikoni.

Tukarudi mjini. Tuliposhuka Darajani mama akanishika bega.

"Ulilolisema leo lisitoke tena. Si kwa Bi Sauda, si kwa mtu yeyote."

"Naam, mama. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Lakini limeshatoka."

Jumatano ilipofika watu walijaa kwa Bi Sauda mpaka kwenye ngazi, maana ilikuwa siku ya barua. Mlango ukagongwa. Sauti ikajibu, "Nnakuja, nnakuja," na wanawake wakatazamana. "Huyu siye," akasema Bi Sauda. Ilikuwa sauti nzuri, ya mwanamke aliyejitahidi, lakini hakuwa yeye. Barua haikusomwa, walimletea Bi Mize mgeni, wakamletea ugomvi wa kuku, wakizungukazunguka tu. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu ikapigwa taarabu, na mtangazaji hakutoa sababu.

Bi Sauda aliifunika redio kwa kitambaa chake kama anayefunika maiti. Ukumbini wakaanza kubahatisha. Huyu akasema amesafiri, huyu akasema amejifungua, mwengine akasema labda amekufa, na wakamsomea Fatiha kwa tahadhari. Mama aliinua mikono pamoja nao. Mimi nilikuwa pale kwenye ngazi, jibu lote ninalo. Sikuyasema tena maneno ya Bi Mize, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walidhani nimekua.

Habari zilimfikia mama kidogo kidogo, kwa wateja wake. Mume aliitwa kutoka Pemba. Hakumwacha mkewe, watu walimsifu kwa hilo. Alimchukua akaondoka naye kwenda Pemba, na sharti likawa kwamba yule dada wa Ng'ambo, aliyemfichia siri, asikanyage kwake na yeye asikanyage kwa dada. Dada alifariki baada ya miaka miwili mitatu. Bi Asya hakuja maziko.

Nilikua, nikawa mwalimu, na baada ya mambo mengi kupita nikapangiwa skuli ya Mkokotoni. Asubuhi moja ya kuandikisha watoto wapya nimeinamia daftari, mtu mbele yangu akasema, "Huyu mjukuu wangu, mwalimu. Mkorofi, lakini anasikia." Nilimjua kabla sijainua kichwa. Alikuwa mtu mzima sasa, amenenepa kidogo, ana miwani iliyofungwa uzi. Yeye hakunijua. Nikaandika jina la mtoto, na jioni nikaulizia nyumba yake, nikaambiwa wamehamia kutoka Pemba, nikaenda.

Nikamweleza mimi nani. Alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna kwa muda.

"Mtoto wa fundi," akasema mwisho. "Mwenye vikuku vya shanga."

"Nimekuja kukuomba radhi, Bi Asya. Miaka yote hii."

"Ulikuwa mtoto."

"Najua. Lakini ni mimi."

"Ni wewe, ndiyo," akasema. "Sitokwambia kuwa si wewe, maana utajua nnakudanganya. Nilikuchukia mwaka mzima, na jina lako sikulikumbuka. Kisha nikachoka. Chuki nayo ni kazi, mwanangu, na mimi nilikuwa na kazi nyingi." Akaikung'uta nazi kwenye bakuli. "Nshakusamehe zamani. Nilisamehe hata kabla hujaja kuniomba. La dada yangu tu, hilo ndilo sijui nimsamehe nani."

Nikamsogezea nazi ya pili.  Mwishowe, sijui nilipata wapi uso, nikamuuliza barua ile ilisema nini. Watu wa Kiponda walikuwa bado wakibishana: aliyesema mwana anarudi, aliyesema kafa, aliyesema kaoa huko huko.

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hata mimi sijui. Redioni wakitupatia karatasi za mchezo wa wiki ile tu. Nilikuwa nikimpikia mume wangu kule Pemba, nnajiuliza barua ile ilisema nini, na sikuwa na mtu wa kumuuliza."

Nilimtembelea mara kwa mara mpaka nilipohamishwa. Hatukuzungumza tena habari za redio. Alipofariki nilikwenda Mkokotoni kuzika, na katika kundi lile la wanawake waliokuwa wakimlilia jirani mwema, mkweli, mpishi hodari wa mikate ya kumimina, hakukuwa na hata mmoja aliyejua kuwa sauti yake iliwahi kunyamazisha mji. Mchezo ule ulikuwa ukienda hewani moja kwa moja, haukurekodiwa. Nimeulizia, nimetafuta watu wa zamani wa redio, hakuna kitu. Umebaki vichwani mwetu, na vichwa vyenyewe vinapungua kila mwaka.

Zakia na Fatma sijawaambia. Wataisoma hapa, kama macho yao bado yanaweza, na wakitaka kunisuta watajua pa kunipata.

Mjukuu wangu mkubwa wa kike siku hizi anasoma habari redioni. Vijana hawa tunawasema sana, na mengine wanastahiki, lakini hili nawapongeza, wao na wakwe zao. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea nyumbani kwao Chukwani. Ilipofika zamu yake, mavyaa wake aliifungulia redio mpaka mwisho, akatoka barazani akawaambia waliokuwa wanapita, "Nyamazeni kidogo, mkwe wangu huyo." Wakasimama wanaume kwa wanawake, wakasikiliza mpaka mwisho wa habari, wakamsifu. Na mimi nikamsifu, nikacheka nao. Kisha nikaomba maji ya kutawadha, ingawa udhu wangu nilikuwa nao, nipate pa kwenda kulia.