Shangazi Aliyepiga Deki Matumbo ya Nguruwe

Shangazi yangu alipiga deki korido za hospitali mpaka magoti yakagoma. Alipostaafu akasema sasa anataka kazi isiyo na kuinama, akaenda kununua nguruwe jike. Ukitaka kujua ukoo wetu unavyofikiri, anzia hapo.

Banda lake la nyuma ya nyumba lilinuka wodi. Kila asubuhi alilisugua kwa brashi na dawa ya kuulia vijidudu iliyochoma macho hadi kwa jirani. Watu wakamwita Sista Sabuni. Wengine wangenuna, yeye akawa anajitambulisha kwa jina hilo kwenye simu.

Baba, ambaye ni kaka yake, hakuacha kumchokoza. "Dada, huyo nguruwe umemfuga au umemlaza?"

"Nimemlaza. Na saa za kuona wagonjwa zimekwisha, toka!"

Mimi nilikuwa upande wa usafi. Shuleni tulikuwa tumefika kwenye mada ya bakteria, nami nikatembea kifua mbele utadhani niliwagundua mimi. Nikamweleza Shangazi kwamba wako kila mahali: mikononi, kwenye maji, hata ndani ya matumbo. Nadhani mwalimu alisema pia kwamba wengi wao hawana ubaya, ila wakati huo nilikuwa namchora masikio yake daftarini.

"Hata matumboni?" Shangazi akashika kiuno. "Basi tutawafuata humo humo."

Akawafuata kweli. Nguruwe wake alipozaa, kila mara kabla watoto hawajanyonya alimpangusa chuchu kwa dawa. Kinyesi cha mama mtu alikizoa kabla hakijatua. Watoto akawaachisha ziwa mapema, akawahamishia chumba kinachong'aa, na kwenye maji yao akatia unga wa njano, dawa ya kuua bakteria, ili wasisubiri kuugua.

Wakaanza kuhara. Akaongeza deki. Wakahara zaidi. Akaongeza unga. Manyoya yakawasimama, mikia iliyojikunja ikaning'inia, mbavu zikajitokeza. Wawili wakafa.

Siku hiyo Shangazi aligeuza ndoo akaikalia. "Nimeshamwambia muuza nyama. Hawa wakiisha, anamchukua mama yao, na mimi narudi hospitali kuomba kazi."

"Na magoti je?"

"Nitapiga deki nimekaa."

Alicheka. Nami nikajaribu kucheka, lakini nilimwona anavyojikanda goti. Nikamwambia tumwite daktari wa mifugo.

Alikuja kijana mwenye mabuti marefu, akavuta pumzi mlangoni. "Mama, hili ni banda au chumba cha upasuaji?"

Shangazi akadhani amesifiwa. "Tunajitahidi, mwanangu."

Daktari akamwinua mtoto mmoja, akamminya tumbo taratibu, akanusa maji. "Hii dawa mliwapa walipougua?"

"Hapana. Tulianza mapema, wasije wakaugua."

Akamrudisha yule mtoto chini. "Mama, tumboni mwa nguruwe mna bakteria wasiohesabika. Wabaya wamo, lakini wengi ni wafanyakazi. Wanasaga makapi ambayo tumbo lenyewe haliyawezi, wanaulisha utumbo, wanawabana wabaya wasipate pa kukaa. Mnyama anakua kwa msaada wao. Na mtoto anawaokota kwa mama yake, kwenye chuchu, kwenye mavi..."

"Mavi?"

"Mavi, mama."

"Haya ninayoyakimbiza na koleo?"

"Hayo hayo. Usafi si kosa. Ila umewaachisha mapema, ukawamwagia dawa bila ugonjwa. Wafanyakazi wamefukuzwa, kiwandani wamebaki wezi."

Shangazi akanitazama. "Yaani nimepiga deki mpaka ndani ya matumbo."

"Na polishi ukapaka," daktari akasema.

Nikaona nijiokoe kwa swali la kisomi. "Kwa hiyo, daktari, bakteria ni wazuri?"

"Wewe unasoma?"

"Ndiyo."

"Kitabu chako kina ukurasa wa pili. Ufunue."

Akaagiza unga wa njano ukome, wapewe maji ya chumvi na sukari, pumba zilowekwe mpaka zichachuke kidogo. Na kwa kuwa alimpima mama yao akamkuta mzima, nyasi anazolalia na kinyesi chake kidogo vipelekwe kwa watoto.

Shangazi akajaza koleo, akafika kwenye mlango wa kile chumba kinachong'aa, miguu ikakataa.

"Nipe mimi," nikasema.

"Niache. Niliwafukuza mwenyewe, nitawarudisha mwenyewe." Akafumba macho, akamwaga. Watoto wakavamia, pua chini, kama wameletewa habari za nyumbani.

Baba alikuwa akichungulia juu ya ukuta. "Dada! Sista Sabuni! Ni wewe?"

"Kaka, nyamaza, nisije nikakumwagia na wewe ukue!"

Haikuwa miujiza. Mmoja zaidi alikufa, na Shangazi hakutania mtu siku nzima. Kisha asubuhi moja nikamkuta amechuchumaa, magoti yakilia, akitazama sakafu kwa furaha ambayo hajawahi kuionyesha hata kwa matokeo yangu ya mtihani. Ni kweli matokeo yenyewe hayakushikana namna ile. "Mavi yameshikana!" akapaza sauti. "Mpigie daktari! Mwambie yameshikana!"

Walichelewa kukua, lakini walikua. Muuza nyama alipokuja na kamba yake, Shangazi alimkuta getini mikono imejaa pumba.

"Nimemfuata yule mama," muuza nyama akasema.

"Yule hauzwi. Ana watu tumboni, nawahitaji."

"Ana mimba?"

"Hapana, bakteria."

Muuza nyama akanigeukia mimi, mwanafunzi, nimtafsirie. Nikakohoa, nikaanza kumweleza habari za kiwanda na wezi. Alipoondoka alikuwa anaamini kwamba nguruwe wetu wameibiwa.