Mifupa Yangu Siku ya Mtihani

Shule yetu ya wauguzi hapa Likasi iko na kila kitu isipokuwa mifupa. Ndani ya sanduku la anatomia kuna fuvu lisilo na taya na mfupa mmoja wa paja, basi. Ndiyo maana mwalimu alitembeza macho darasani, akaniona minye, mwembamba kama ubavu wa mwavuli.

"Citoyen, vua shati. Mungu alikuumba ju ya somo hili."

Siku hizi "bwana" na "monsieur" vimekatazwa, kila mtu ni citoyen, yaani raia. Basi minye nikawa Citoyen Squelette, Raia Mifupa-Mitupu. Ninasimama mbele kifua wazi, wenzangu wananichora mbavu kwa pamba na dawa ya zambarau ya vidonda. Mama anasema bukari, ugali wetu, ninayokula inapita tu tumboni kama treni ya shaba, haishushi kitu.

Jirani yangu wa benchi ni jitu kutoka Kambove. Mifupa yote anaijua, anaitaja kama rozari. Lakini mbele ya mwalimu ulimi wake unakwenda likizo. Mwaka jana alianguka mtihani wa mifupa.

"Nikianguka tena," aliniambia, "papa atanitoa ku masomo, anipeleke kuvunja mawe ku Kakontwe. Amekwisha kusema na mukubwa wa kule."

"Usiogope. Watakuulizia ku mwili wangu. Ukishika pabaya, nitakohoa."

Mpango safi kabisa! Tatizo ni kwamba pamba haijawahi kunitekenya, lakini siku ya mtihani yule jitu alikuja na vidole vya baridi kama chura, vimelowa jasho la woga. Mwalimu alimwambia aishike mifupa yangu mmoja mmoja akiitaja. Aliponigusa ubavuni, nilipasuka kwa kicheko.

Maskini akadhani ndiyo alama yetu. Akahamisha mkono, chini kidogo. Nikacheka zaidi. Akahama tena, kwapani! Hapo nilijikunja kama nyoka juu ya jiko.

"Squelette hacheki!" mwalimu alinguruma. Kisha akamgeukia jitu. "Na weye, huna jibu? Nikuandikie sifuri?"

Nilitaka kumwambia jitu kwamba pale pa kwanza alishika sawa, lakini pumzi sikuwa nayo. Nikaona macho yake yanajaa machozi, halafu yanakuwa mekundu. Akanikamata begani.

"Weye! Papa ananingojea na nyundo, weye unacheka? Nitakuvunja hii clavicule!"

Mwalimu akainua kalamu. "Endelea."

"Nitashuka ku mukono, nivunje humérus! Nivunje radius! Nivunje cubitus!" Kila jina alilitaja akinibana penyewe hasa, na minye nilikuwa ninalia na kucheka pamoja. "Mbavu zako zote, za kweli na za uongo! Bassin! Fémur! Hii rotule ya goti nitaitupa mutoni!"

Darasa zima lilikuwa chini ya meza. Mwalimu mwenyewe alijifuta macho kwa kola ya koti lake la abacost, akaandika, akafunga kalamu.

"Umepita, citoyen. Na vizuri sana. Mwachie sasa."

Jitu lilinitazama, kisha likamtazama mwalimu, bado limenishika mguu.

"Citoyen mwalimu, sijamaliza. Imebaki kichwa."

Nilitoka dirishani bila shati.